Kwaya Iliyomwombea Kiongozi Wake

Mke wangu ndiye kiongozi wa kwaya yetu ya Kiswahili hapa Durban, nami ni mmoja wa waimbaji wa besi. Msinionee huruma. Hata nyumbani ndiye anayeongoza, kwa hiyo sikuwa na kitu kipya cha kuzoea.

Kwaya aliianzisha tulipokuwa bado wageni, watu wachache tukiimba sebuleni kwetu Berea huku jirani akigonga ukuta. Siku hizi tunafanyia mazoezi kwenye ukumbi wa kanisa, na sauti ya pili karibu yote ni akina mama wa Kikongo wanaosuka nywele kwenye saluni za katikati ya mji. Wana sauti nzito, tamu, ambazo kipaza sauti ni cha kuzisumbua tu. Mke wangu anawapenda kupita kiasi. Mmoja akiugua, yeye ndiye anayempeleka hospitali. Mwingine akihitaji mtu wa kumsemea Kiingereza kwenye ofisi ya makaratasi, yeye ndiye anayeomba ruhusa kazini akasimame naye foleni.

Mwaka jana kampuni ya bima anayoifanyia kazi ilimpeleka semina ya uongozi, kwenye hoteli moja ya ufukweni. Alirudi na mfuko wa kitambaa, kalamu, na imani mpya kwamba kiongozi mzuri huwauliza anaowaongoza wanamwonaje. Mimi mambo haya nayajua. Kule Mobeni, kwenye ghala ninapofanya kazi, mabosi walitundika sanduku la maoni ukutani, tena lenye kufuli, na kilichoingia humo ni karatasi za peremende tu. Nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba sanduku halina macho, yeye atawauliza watu wake ana kwa ana.

Akawauliza kweli. Jumamosi iliyofuata, mazoezi yalipokwisha, alisimama mbele yetu akasema, "Wapendwa, nataka ukweli. Uongozi wangu mnauonaje? Wapi nirekebishe?"

Mtanzania mmoja wa sauti ya tatu akaanza kuchunguza viatu vyake. Mwishowe mama mkubwa wa sauti ya pili, ambaye ndiye mwenye saluni wanamosukia wenzake, akajibu kwa niaba ya wote.

"Mama, yote iko bien. Tunashukuru sana."

"Kabisa?"

"Kabisa, mama. Mungu akubariki."

Mke wangu akafurahi, akamwomba mama huyo huyo atufunge kwa sala. Mama akaomba vizuri. Alipitia wagonjwa, akapitia watoto na mitihani yao, kisha akasema, "Na Baba, unajua samedi iko siku ya nguvu kwetu. Unajua saa nane ndio wateja wanajaa. Gusa mioyo, Baba, fungua njia." Mke wangu, macho kayafumba, akaitikia "Amina!" kwa sauti kuliko sote.

Nilijiuma mdomo nisicheke. Samedi kwa Kifaransa chao ni Jumamosi, na mazoezi yetu yalikuwa Jumamosi, saa nane mchana. Msusi hula wiki nzima kwa kazi ya Jumamosi, ilhali Jumatatu viti vya saluni hukaa vitupu na wenyewe wakasukana wao kwa wao. Lakini mtu wa ofisini Jumamosi kwake ni siku ya bure, na mke wangu hakuwahi kuitazama kwa jicho lingine.

Tangu hapo sala za kufunga zikawa ndefu, zenye habari nyingi. Wiki moja tuliombea taxi za kurudi mjini, ambazo jioni hupungua. Wiki nyingine tuliombea makoo ya watumishi yasiumizwe na mambo ya kupanda juu sana, maana mke wangu huanzisha nyimbo pale panapomfaa yeye, na yeye ni sauti ya kwanza. Amina zake zilikuwa za moyo wote. Na sauti ya pili ikazidi kupungua, leo huyu hayupo, kesho yule.

Hapo ndipo kicheko kilipoanza kuniisha. Tulikuwa tumealikwa kuimba kwenye mkutano wa Pasaka wa makanisa ya Kiswahili, na mwaliko huo mke wangu alikuwa ameungoja miaka. Bila sauti ya pili tungekwenda kupiga kelele tu. Alasiri moja nilimkuta chumbani anakunja sare za wale walioacha kuja, sare alizozishona mwenyewe, huku machozi yanamtoka.

"Nimewakosea nini?" akaniuliza.

"Labda ni hii Jumamosi," nikasema.

"Ingekuwa Jumamosi wangesema. Si niliwauliza mbele yako?"

Nilimhurumia sana, na pia alinikasirisha. Aliwauliza, ndiyo, lakini aliwauliza akiwa amesimama mbele, wao wamekaa, na kila mmoja wao ana jambo ambalo mke wangu alimfanyia. Mtu aliyelowa mvua kwenye foleni kwa ajili yako unaanzaje kumwambia kwamba anakuharibia Jumamosi? Wema wake ndio uliowafunga midomo, na semina haikugusia hilo. Ningeweza kushikilia zaidi, lakini ya nini? Jumamosi baada ya mazoezi mke wangu hupika chapati, na mimi si mtu wa kuchezea chapati.

Mambo yakafika mwisho kupitia msusi mmoja kijana, mdogo kuliko wote katika sauti ya pili. Alipewa sala ya kufunga, na hakuwa na muda wa kuzunguka. "Baba," akasema, "mama yetu hana mubaya. Yeye ni mama muzuri. Lakini umwambie, Baba, samedi inatuua!"

Mke wangu akafumbua macho. Mimi yangu yalikuwa wazi tayari, nilikuwa nikiangalia mlango. Tukatazamana juu ya vichwa vilivyoinama, na safari hii Amina hakuitikia.

Ndani ya gari alinigeukia tulipokamatwa na robot, ndivyo zinavyoitwa hapa taa za barabarani.

"Wamekuwa wakiniombea tangu lini?"

"Tangu semina."

"Na wewe ulikuwa unaitika Amina?"

Robot ikawa kijani. Sijawahi kuipenda rangi ile kama siku hiyo.

Jumamosi iliyofuata aliahirisha mazoezi, akaniambia nimpeleke saluni. Nilidhani anakwenda kuomba radhi. Kumbe alikwenda kusuka. Alikaa kwenye kiti kifupi, mama mkubwa akashika upande mmoja wa kichwa, yule kijana upande mwingine, nami nikapewa kiti cha plastiki mlangoni, kati ya muziki wa saluni na muziki wa duka la simu la jirani. Wateja walikuwa wamejaa hadi nje.

Safari hii hakuuliza uongozi wake wanauonaje. Alizungusha macho kwenye ile foleni, akasema, "Saa hizi mngekuwa kwangu mnaimba. Hawa wote wangekwenda wapi?"

"Wangekwenda kwa saluni ya ngambo!" akadakia yule kijana. "Eish, mama! Samedi moja nilipoteza mariée, bibi harusi muzima, na wasimamizi wake wote!"

Saluni nzima ikacheka, hata wateja ambao Kiswahili hawakijui. Mke wangu naye akacheka, kisha akauliza, polepole, "Sasa mbona hamkuniambia?"

Mama mkubwa hakuacha kusuka. "Mama, ulisimama na mimi kwa bureau tangu asubuhi, mvua inatunyeshea. Nikuambie namna gani? Ningekuwa mutu wa namna gani?"

Mke wangu alitaka kugeuka amtazame. Akashindwa, nywele zilikuwa zimeshikwa. Nikaona mabega yake yanatikisika.

"Usitingishe kichwa, mama," yule kijana akamwambia. "Mustari utapinda."

Wakakubaliana mazoezi yawe Jumatatu, saa kumi na moja. Wakakubaliana pia nyimbo zishuke kidogo. Mke wangu, ambaye sasa alikuwa amenogewa, akasema, "Na lingine? Semeni tu."

Vitana vikasimama. Wanawake wote wakanitazama pale mlangoni.

"Na papa," akasema mama mkubwa.

"Papa kafanya nini?"

"Papa anaimba na roho yote. Lakini ile sauti yake iko nguvu sana, na iko inaenda pembeni. Sisi tunasimama karibu yake, anatubeba wote, tunapotea."

Mke wangu alicheka mpaka akalia kwa maumivu ya nywele. Mimi sikucheka. Iliniuma, na iliniuma zaidi kwa sababu walikuwa wameijadili siku nyingi, ilionekana wazi, na mimi siku zote hizo nikijiona ndiye mwenye masikio peke yangu katika kwaya nzima.

"Umesikia?" mke wangu akaniuliza kupitia kioo.

Nikasema nimesikia. Nikasema na asante, kwa sababu kila mtu alikuwa akiingoja.

Pasaka sauti ya pili ilirudi yote, na sare zikawatosha. Mimi nilisimama mwisho wa safu, mbali nao, nikaimba chini chini kama nilivyoagizwa. Wakaingia kwenye kibwagizo, na miaka yote hii sikuwa nimewahi kuwasikia vizuri. Waliimba hivi kweli siku zote? Nikanyamaza kabisa ubeti mzima, nikawasikiliza.