Mabawa ya Dirisha la Mama

Fundi cherehani alifika kwa seremala asubuhi na mapema, utepe wa kupimia shingoni, meno yote nje. Baada ya miaka ishirini ya kupanga nyumba za watu alikuwa na nyumba yake, na leo alikuwa anachagua mabawa ya mbao ya dirisha la chumba cha mama. Mama alikubali kuhamia kwa sharti moja tu: dirisha alifungue mwenyewe, licha ya vidole vyake vinavyouma. La sivyo angerudi kwenye chumba chake cha zamani, ambako dirisha lilipigiliwa misumari tangu siku aliyoingia.

Akajaribu bawa la ubao mzima. Zito, hilo hapana. Akafika kwenye yale ya vibao vyembamba vilivyopangwa kwa mlazo, akaweka kiganja, akahisi upepo unapita. Furaha ikampanda mpaka akacheka peke yake.

"Haya haya, kaka. Vipimo nimepima mwenyewe."

"Nisije kuhakikisha, dada?"

"Mimi napima watu wanaovuta matumbo ndani. Dirisha ndilo litanidanganya?"

Jumamosi seremala alileta kazi yake. Mama naye alikuwa ameshafika, kakaa kitini, mkoba mapajani. Bawa la kwanza likagoma kuingia. La pili likagoma vilevile. Seremala akapima, akarudia.

"Dada, kila upande umezidi inchi moja."

Fundi cherehani akautazama utepe wake. Inchi moja ndiyo anayoongeza kwenye kila gauni, ya kukunjia pindo. Mkono ulishazoea, ukaliongezea na dirisha.

"Sasa mtalikunja?" mama akauliza.

Seremala alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akatoa msumeno na randa. Fundi cherehani alishikilia mbao kwa mikono miwili, jicho kwenye ule mkoba ambao mama hakutaka kuuweka chini.

Mabawa yakakaa. Mama akainuka polepole, akasukuma kwa mgongo wa kiganja, maana vidole havikukubali. Yakafunguka, mwanga ukajaa chumbani. Akayafunga, akayafungua tena. Binti yake alikuwa hata hapumui.

"Mkoba wangu uweke kabatini, mwanangu," mama akasema, bila kugeuka kutoka dirishani.