Lakiri ya Shangazi

Shangazi yangu akimaliza kutengeneza pampu ya dizeli, hupitisha waya mwembamba kwenye kichwa cha skrubu ya kurekebishia mafuta, anausokota, kisha anaubana kwa kidonge cha risasi chenye alama yake. Hiyo ndiyo lakiri. Kwa mtaa mzima wa karakana pale Gerezani maana yake ni moja: humu ndani nimeshamaliza, kama gari bado linasumbua katafute ugonjwa kwingine. Mteja akirudi na lakiri iliyokatwa hasikilizwi, hata alie. Na yeye mwenyewe kuikata lakiri yake ni kutangaza mbele za watu kwamba alikosea. Tangu nianze kuishi naye hajawahi kuikata hata moja. Mimi niliwahi kukata moja nikiwa darasa la nne, nilitaka risasi ya kuzamishia ndoano, na hilo suala naomba tuliache hapo hapo.

Kazi aliisomea kwenye chumba cha pampu cha shirika la mabasi la umma, mwanamke peke yake kati ya wanaume ambao siku ya kwanza walimpa ufagio. Shirika lilipovunjwa na watu wakapewa viinua mgongo vyao, wenzake wengi walifungua baa au wakanunua teksi. Yeye alikwenda mnadani akanunua mashine ya kupimia pampu, dude la kijani lenye mirija minne ya kioo, akalisukuma kwa mkokoteni mpaka Gerezani huku watu wakimuuliza kama ni mashine ya kukamulia miwa. Anasema aliwajibu vizuri. Mimi namjua, hakuwajibu vizuri.

Halafu soko likafunguliwa, na magari yaliyokwisha kutumika Japani yakaanza kushuka bandarini. Humo ndimo tulimokutana na kompyuta: kisanduku cha bati kilichojificha nyuma ya dashibodi, kazi yake kuiamuru pampu itoe mafuta kiasi gani na wakati gani. Mafundi wetu walikuwa na dawa moja tu ya kisanduku hicho. Wanaking'oa, wanakitupa pamoja na pampu yake, wanafunga pampu ya zamani isiyo na akili, wanamwambia mteja gari limepona. Shangazi alikataa. Alimwendea fundi redio wa Mtaa wa Kongo, akatengenezewa kijisanduku cha umeme cha kuichezesha pampu ya kompyuta juu ya mashine yake ya kijani, na kuanzia hapo pampu za aina hiyo akawa anazipima yeye peke yake. Watu wakasema anajidai. Ni kweli alikuwa anajidai.

Mwaka jana, nikiwa kidato cha tatu, akaja muuza vyombo mmoja wa Kariakoo, Mhindu ambaye sufuria za ukoo wetu wote zimetoka dukani kwa baba yake. Pampu ya gari lake la mizigo ilikuwa imekufa, akanunua nyingine kwenye ua wa vipuri palepale Gerezani, imetolewa kwenye gari lililochinjwa. Shangazi aliibadilisha matumbo yote, akaipandisha kwenye mashine, mirija minne ikajaa sawasawa kama imepigiwa rula. Akapiga lakiri. Fundi umeme wa banda la jirani akaifunga kwenye gari.

Jumamosi asubuhi gari likarudi. Tuliuona moshi kabla ya kuliona gari, moshi mweusi tii, na injini ikiachwa bila kukanyagiwa mafuta ilikuwa inapanda na kushuka kama mtu anayepandisha mashetani. Likasimama mbele ya banda letu. Muuza kahawa akavifunika vikombe vyake kwa mikono miwili.

"Mama, habari za asubuhi," akasema muuza vyombo akishuka.

"Nzuri, Bhai. Naona umekuja na giza lako."

"Hili giza ni lako. Pampu inamwaga mafuta kama bomba lililopasuka. Kata lakiri, punguza mafuta, mimi niende zangu."

"Pampu ni nzima."

"Nzima, na moshi huu?"

"Moshi unatoka kwenye gari. Mimi uliniletea pampu."

Fundi umeme alikuwa amefuata nyuma, na kalamu mfukoni ambayo sijawahi kuiona ikiandika. Akaweka mkono kwenye boneti kama daktari.

"Dada, kubali tu yaishe. Hata bingwa kuna siku anachemsha. Kompyuta nimeipima mimi mwenyewe. Nimeunga ule waya wa kupimia, taa ya dashibodi inapepesa vizuri, haisemi kosa lolote. Kompyuta nzima, nyaya nzima. Kimebaki nini?"

"Umebaki wewe," nikasema.

"Nyamaza," akasema shangazi, lakini hakusema kwa nguvu.

Muuza vyombo akawageukia wanywa kahawa, ambao walikuwa wameshasogeza benchi ili waone vizuri. "Nyie wote mashahidi. Pampu ya mama huyu ni mbovu. Akiirekebisha, sawa. Asipoirekebisha, gari zangu na za ndugu zangu hazikanyagi hapa tena, na kila atakayeniuliza kuhusu huyu mama nitamwambia nilichokiona leo."

Wateja wetu nusu walikuja kwa sababu ya ndugu zake, na nusu nyingine walikuja kwa sababu ya ile nusu ya kwanza. Mzee mmoja akamwambia shangazi kwa upole, "Ikate tu, binti yangu. Kipande cha waya hiki. Usilale njaa kwa kipande cha waya."

"Njaa naijua, mzee wangu. Siikati."

Wakaanza kubishana, na mimi nikaingia kwenye gari. Sitadanganya kwamba nilikuwa na wazo la kisayansi. Gari lilikuwa na redio ya kaseti na nilitaka kuona kama inafanya kazi. Lakini fundi umeme alikuwa ameacha kila kitu wazi, kompyuta inaning'inia juu ya magoti yangu, na nyuma yake nikaona visoketi viwili vidogo ambavyo havikuwa na waya unaokwenda popote. Vimechomekwa tu, vimekaa, kama wanafunzi wa dawati la nyuma. Nikakivuta kimoja.

Injini ikakohoa. Sauti ikabadilika, taa ya dashibodi ikawaka.

"Nani ameshika?" akauliza fundi umeme.

"Si mimi," nikasema, kisoketi kikiwa mkononi.

Nilitegemea kofi. Shangazi alikuja dirishani, akanitazama mkono, akasema, "Rudisha." Nikarudisha, injini ikarudi kwenye mashetani yake ya mwanzo. "Toa tena." Nikatoa. "Sasa kile kingine." Nilipokitoa kile cha pili, moshi ukayumba, ukageuka rangi. Shangazi akazima gari. Kisha akamuuliza fundi umeme visoketi vile kazi yake nini.

"Hivyo ni vifuniko tu," akasema. "Vya kuzuia vumbi."

"Kifuniko cha vumbi kinabadilisha moshi?"

Akaichomoa kalamu mfukoni, akairudisha.

Kwenye begi langu la shule kulikuwa na mita ya umeme ya maabara. Nilikuwa nimeiazima, ingawa mwalimu wa fizikia alikuwa bado hajajua kwamba ameazimisha. Nikavipima. Ndani ya kila kisoketi mlikuwa na rizista, kile kidude kinachoubana umeme usipite wote, na kila kimoja kilikuwa na ubanaji wake. Nikazisoma namba kwa sauti, nikinyanyua kidevu kama mwalimu mwenyewe. Shangazi aliniambia nizirudie, akakaa kwenye kigoda, akachora chora mchangani kwa bisibisi.

"Kule shirikani," akasema mwishowe, "kila pampu ilikuwa na kadi yake. Hakuna pampu mbili zinazofanana hata zitoke kiwanda kimoja siku moja. Moja inatoa zaidi kidogo, nyingine inawahi kidogo. Tukishapima tunaandika kwenye kadi, ili fundi wa injini ajue anakaa na nani." Akavinyanyua vile visoketi. "Wajapani kadi wameiweka humu. Hii inamwambia kompyuta pampu yako ikoje, ili naye ajirekebishe. Sasa Bhai, pampu umebadilisha. Kadi je?"

Muuza vyombo akamtazama fundi umeme. Fundi umeme akaitazama barabara.

Yaani kompyuta ilikuwa inasoma kadi ya marehemu. Pampu iliyokufa ilikuwa inatoa kidogo tangu kiwandani, hivyo imeandikiwa kwamba iongezewe. Hii mpya nayo ikaongezewa hivyohivyo, na moshi ukatoka. Ni kama mtu mwenye mafua apewe kadi ya kliniki ya wajawazito. Hakuna taa itakayowaka, maana kadi ipo.

Shangazi alinituma mbio kwenye ua wa vipuri pampu ilikotoka, nikatafute kadi yake. Muuzaji akaniambia kompyuta ya lile gari lililochinjwa ilishakwenda Lubumbashi na visoketi vyake, na kama naitaka sana niwahi treni. Niliporudi na jibu hilo, fundi umeme alipata nguvu mpya.

"Haya. Kadi haipo. Kwa hiyo ni kulekule, dada. Kata lakiri."

"Siikati," akasema shangazi. Safari hii sauti yake ilitetemeka kidogo, na nadhani ni mimi peke yangu niliyesikia.

Kwenye rafu ya banda letu kulikuwa na redio yake ya kusikilizia matangazo ya vifo na taarabu. Haijawahi kuzimwa mchana tangu tuhamie. Nikamwambia kile kitufe cha kuongezea sauti ndani yake ni rizista tu, tofauti yake ni kwamba unaweza kuizungusha ikabana au ikalegea. Cha besi nacho vilevile. Tukivichomeka badala ya zile kadi mbili, tutavizungusha mpaka kompyuta iamini inaongea na pampu hii.

Shangazi aliitazama redio. Kisha akanitazama mimi, mtu niliyepata arobaini na moja ya fizikia muhula ule.

"Ing'oe," akasema.

"Mnataka gari liimbe?" akauliza fundi umeme, na benchi likacheka. Nilikuwa nimeshafungua skrubu ya tatu.

Tuliunganisha kwa waya wa simu. Shangazi akawasha gari, akasimama nyuma kwenye ekzosi na leso nyeupe aliyoifunga kwenye kijiti, mimi nikakaa kiti cha mbele na vitufe viwili mapajani. Nilipozungusha cha sauti upande mmoja, moshi ukawa mzito hadi muuza kahawa akahama. Upande wa pili, injini ikataka kufa. Nikarudi taratibu. "Hapo hapo," akasema shangazi, "rudi nusu ya ulichokuja. Nusu, nimesema, huna haraka ya kwenda popote." Leso ikatoka na rangi ya chai ya maziwa, kisha karibu nyeupe. Kitufe cha besi kikashughulikia kugonga kwa injini: upande mmoja iligonga kama mtu anayekung'uta sufuria, upande mwingine ikazembea. Shangazi aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, akafumba macho, akaniamuru kwa kidole. Kidole kikasimama. Injini ikatulia, sauti moja, bila kupanda wala kushuka.

Hata wale wa benchi waliinuka kuja kuitazama leso, na hao watu hawainuki hovyo.

Nikapima vitufe vilipoishia, nikakimbilia Mtaa wa Kongo, fundi redio akanipa rizista mbili za kiasi hichohicho na kuzichomelea kwenye visoketi. Tulipovichomeka, muuza vyombo alipakia masanduku yake ya sufuria na kumchukua fundi umeme kama shahidi, wakateremka hadi Jangwani na kupanda tena na mzigo wote. Waliporudi, nyuma yao niliweza kuisoma namba ya gari.

Muuza vyombo akatoa kichwa dirishani. "Sawa, mama. Asante. Nitapita wiki ijayo."

Shangazi alikwenda akasimama mbele ya boneti. Gari likiunguruma vizuri kabisa, yeye amekunja mikono.

"Asubuhi uliwaambia nini hawa?"

"Mama, yameisha."

"Uliwaambia pampu yangu mbovu. Uliwaita mashahidi. Mashahidi bado wapo, wamekunywa kahawa yao hapa toka asubuhi wakikusubiri."

Alisema kitu kwa sauti ya chini.

"Sijasikia, Bhai."

Akazima gari. Akashuka, akatembea mpaka mahali palepale aliposimama asubuhi, akarekebisha kola. "Pampu ya mama huyu ni nzima," akasema, na safari hii ilisikika mpaka ng'ambo ya barabara. "Nilikosea mimi. Kosa lilikuwa kwenye kufunga."

Shangazi akaitikia kwa kichwa, akamgeukia fundi umeme, aliyekuwa ameanza kuondoka kwa ubavu.

"Na wewe?"

"Mimi dada nilikuwa nasema kwa niaba ya mteja."

"Basi kanusha kwa niaba ya mteja," nikasema, na hapo ndipo nilipopata lile kofi nililolitegemea tangu asubuhi.

Lakini shangazi hakuondoka pale mpaka fundi umeme naye aseme. Akasema, akiangalia viatu vyake, na neno "nzima" akalitamka mara mbili maana mara ya kwanza ulipita mkokoteni mkubwa wa magunia ya mchele, wenye kelele, na shangazi alikataa kulihesabu.