Barua Moja kwa Hoteli Tatu

Mkasa huu sijapata kuusimulia mbele ya mama yangu, na nyinyi mnaonisikiliza jueni kwamba aibu yake ningali nayo, ingawa mambo yenyewe yalikuwa ya miaka ya themanini na nywele nilizokuwa nazo siku ile sinazo tena.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nakaa na mama mtaa wa Muyeye, Malindi, nikitafuta kazi kama wote walivyoitafuta wakati ule, kwa miguu na kwa barua. Mjomba wangu Salim alikuwa mpishi mkuu wa hoteli moja ya Watamu, na kwa miaka yote aliyokaa pale hakuwahi kumwombea mtu kazi. Kwangu mimi akauvunja mwiko wake. Akaniita, akanambia, "Nimekwisha sema nao, nafasi ya mapokezi wamekuwekea. Waandikie barua, kwa mkono wako, na wao peke yao. Kazi ni posa, mwanangu. Mtu haposi nyumba tatu siku moja."

"Nimesikia, mjomba."

Nilisikia, sikuzingatia. Je, Watamu wakinikataa? Basi nikaenda kwa Bi Zuhura, mpiga taipu wa wakili mmoja mjini Malindi, nikamwomba anipigie barua saa yake ya chakula. Akauliza, "Nakala moja?" Nami nikajibu neno moja tu lililoniponza: "Tatu." Akapachika karatasi za kaboni, akapiga mara moja, mahali pa jina la hoteli tukapaacha wazi nikapajaza mwenyewe kwa kalamu, na nikajiona mjanja kuliko mji mzima. Ile ya juu, nyeusi safi, nikaipeleka hoteli kubwa ya Malindi, ya pili Kilifi, na ile ya chini kabisa, iliyofifia kama maji ya kuoshea mchele, nikaipeleka Watamu kwa mjomba (si kule nafasi nilikuwa nimeshaipata?).

Nikaitwa Watamu kusailiwa. Nimevaa shati la Idi, naingia ukumbi wa kulia, nakuta vijana kama thelathini wameketi ukutani, na mbele, badala ya meneja mmoja, wako watatu! Hoteli zile zile tatu nilizoziandikia zilikuwa zimekubaliana kusaili siku moja kabla ya msimu wa watalii, ili zisigombee vijana wale wale, na mimi sikuwa na habari.

Meneja wa Kilifi, mnene mpenda mzaha, akainua barua yangu ya Kiingereza na kuigeuza Kiswahili kwa sauti ili kila mtu afaidi: "'Tangu utotoni nimeota kufanya kazi katika hoteli yenu, na sina haja na nyingine yoyote.'"

Wa Malindi akatazama yake, akaendelea palepale alipoachia mwenzake: "'Nikikosa kwenu, heri nirudi shamba.'"

"Huyo ana mashamba matatu!" kijana mmoja akapiga kelele nyuma, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Ningenyamaza tu. Lakini nikasema eti mpiga taipu ndiye aliyekosea, akatuma nakala bila idhini yangu.

"Na jina la hoteli yangu hapa," akauliza wa Kilifi, "kaliandika mpiga taipu kwa kalamu?"

Meneja wa Watamu, mama mmoja mpole mwenye miwani, hakucheka. Aliielekeza yake kwenye mwanga wa dirisha. "Yangu haisomeki," akasema, "ila jina la mdhamini naliona."

Na mdhamini mwenyewe ndiyo kwanza anatoka jikoni na sinia ya chai.

"Mzee Salim, huyu ndiye mpwa wako?"

Mjomba akazitazama zile karatasi tatu, moja baada ya nyingine. Akaweka vikombe mezani taratibu, hata tone halikumwagika. "Ndiye," akasema. "Na neno nililowapa nalirudisha. Niwieni radhi."

Alinisindikiza mpaka langoni. Nikamwambia "Shikamoo, mjomba", akaitika "Marahaba" kama amwitikiavyo mpita njia. Kisha akasema, "Kubisha milango mitatu si kosa. Ungenambia, ningebisha nawe. Kosa ni kuuambia kila mlango kwamba ndio pekee."

Nafasi ile aliipata kijana wa Kaloleni aliyeandika kwa mkono, mistari imepinda.

Siku hizi binti yangu hutafuta kazi kwa simu, barua moja kwa kampuni hamsini, kidole kimoja tu. Nami husimama nyuma yake na kumuuliza, "Na hii ni ya nani hasa?" mpaka afute aandike upya, huku akinicheka kwamba baba ni mtu wa zamani. Namwacha acheke. Niliapa pale langoni kwamba sitaandika tena barua ambayo ingeweza kwenda kwa mtu mwingine, na kiapo hicho nimekitimiza.

Lakini hakikurudisha kitu. Binamu yangu, mtoto wa mjomba, alipomaliza shule alitafuta kazi miaka mitatu, na baba yake, akiwa mpishi mkuu pale pale Watamu, hakufungua kinywa kumsemea. Alisema neno lake halikubaki na uzito tena.