Mla Nzi wa Ngitili ya Bibi

Juzi nilirudi kwa bibi, upande wa Bugarama, nikiwa na futi ya kupimia mfukoni. Kazi yangu siku hizi unaijua, nauza matimba, ile miti ya kushikilia kuta za mashimo ya dhahabu. Baba mdogo alinipigia simu kwamba ngitili ya bibi imejaa miti minene, niwahi kuipima kabla mnunuzi mwingine hajanusa.

Ngitili, kama hukukulia Usukumani, ni malisho yaliyofungwa. Mvua zikianza, ng'ombe hawaingii humo mpaka kiangazi kishike na majani ya nje yaishe, ndipo ndama na ng'ombe waliodhoofu wanafunguliwa. Majirani walifungua za kwao kwa kutazama majani. Bibi alimtazama ndege. Alikuwa mla nzi, ndege mdogo, mgongo wa rangi ya kutu, kichwa cheusi, mkia mrefu kuliko mwili wake. Alichomoka tawini, akanasa nzi hewani, ukasikia mdomo ukigonga tak, kisha akarudi palepale. Kiota chake, kama kikombe cha kahawa, alikifunga kwa nyuzi za buibui. Makinda wasiporuka, bibi hafungui, hata babu anune namna gani.

Nilipokuwa mtoto, kazi ya kwenda kuchungulia ilikuwa yangu. Nilifungiwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, nikashinda nyasini nikinuka mavi ya ng'ombe na majani mabichi. Nikirudi, bibi aliniuliza mbele ya watu wazima, ndege wako hajambo? Nami nikajibu kama mwenye mali. Sijawahi kujisikia mtu wa maana kama siku zile, nakwambia kweli.

Basi juzi nikamkuta uani anapukuchua mahindi. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akacheka peke yake. Hakuuliza kilichonileta. Alishika fimbo akanitangulia ngitilini, polepole, magoti yakimsumbua. Tak. Ndege akarudi tawini na nzi wake.

“Baba yako mdogo anataka tukate,” alisema. “Nilimwambia asubiri, mwenye ndege hajaja. Sasa umekuja, mwambie wewe.”

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, umeikamata futi, na nikaogopa hata kuutoa. Jioni nilimwambia baba mdogo kwamba miti ile haikatwi. Alikasirika, akaniuliza nimeanza lini kuionea miti huruma.

Lakini si hilo linaloninyima raha. Tukiwa bado ngitilini, bibi alinionyesha mla nzi wa pili, halafu wa tatu. Zamani alikuwa mmoja na jike lake. Bibi alifurahi sana, akasema miaka hii wamezidi kumpenda. Ngitili za majirani, kuanzia kwake mpaka barabarani, zote nimezikata mimi, na ndege wale hawana pengine pa kwenda.