Idi Mbili Katika Kiwanja Kimoja

Sababu ya safari yangu ilikuwa simu ya mdogo wangu Omar. Alinipigia Tanga katikati ya Ramadhani akaniambia kwamba mwaka huu akizuiwa tena kusali Idi, atafunga mizigo yake na kuhama Pemba na watoto wake wote. Aliyasema hayo bila hasira. Omar akikasirika hunyamaza, na akisema jambo kwa upole ujue keshaliamua. Baba yetu, Mzee Khamis, anaishi naye ua mmoja, na macho ya mzee siku hizi yanaona vivuli tu. Omar akihama, baba atabaki na kuta.

Kwa wasomaji wasioijua habari hii, ni ya mwezi. Kijijini kwetu, mbele kidogo ya Msuka, wapo wanaofunga na kufungua mwezi unapoonekana popote duniani, na wapo wanaosubiri uonekane kwetu. Omar yuko katika kundi la kwanza, baba katika la pili. Wote ni Waislamu, na wote wana masheikh na vitabu vyao. Mwaka huu Omar na wenzake walitangulia kufunga kwa siku moja. Mwaka jana pia walitangulia, wakaenda kusali Idi yao katika uwanja wa skuli, wakaja watu wakawatawanya kabla ya takbira ya kwanza. Hakuna aliyeumia, lakini Omar aliaibika mbele ya watoto wake.

Mimi si mtu wa kukaa kimya habari kama hiyo inaponifikia. Niliondoka Pemba nikiwa na miaka kumi na saba na kitambulisho cha shule, nikabeba magunia bandarini Tanga mchana na kusoma jioni. Leo nina maduka mawili ya vifaa vya ujenzi na diploma ya maendeleo ya jamii, niliyoipata kwa alama ambazo mkuu wa chuo alizisoma kwa sauti siku ya mahafali. Pia ninafundisha haki za binadamu kwa kujitolea, na waliokaa darasani kwangu wanajua kwamba sifundishi kwa kubahatisha. Nilichukua nakala ya Katiba, nguo mbili na kanzu moja, nikaenda.

Siku ya ishirini na saba ya mfungo, kwa hesabu yetu ya Tanga ambayo ndiyo ya baba, boti ilinishusha Mkoani asubuhi. Bahari ilikuwa shwari na sina la kusimulia. Nilikodi gari peke yangu, jambo ambalo miaka ishirini iliyopita lingekuwa ndoto, nikamwambia dereva tusimame Gombani.

Gombani, karibu na uwanja wa michezo, niliingia katika duka la kuchapisha nikakaa mwenyewe kwenye kompyuta. Niliandika barua kwa sheha wetu, ambaye kwa Tanga tungesema ndiye mtendaji wa kijiji, kuomba kundi la Omar liruhusiwe kusali Idi katika uwanja wa skuli. Nilieleza uhuru wa kuabudu kuwa ni haki ya kila mtu na si hisani ya wengi kwa wachache. Nikaweka nakala kwa ofisi tatu za juu. Ilikuwa barua nzuri. Hata leo sioni neno la kupunguza.

Saa tisa mchana tulipita Konde, na kabla ya alasiri tulikuwa kijijini. Nilimwambia dereva atangulie nyumbani kwa sheha. Sheha wetu ni mwanamke, Bi Zuhura, mtu mzima aliyewahi kunifundisha darasa la tatu. Nilimkuta anachambua mchele wa futari. Nilimwamkia, nikampa barua, nikamwomba aigonge muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu. Aliisoma yote mpaka ile orodha ya nakala. Kisha akaniuliza kama nimeshamwona baba yangu. Nikasema bado. Akagonga muhuri.

Nyumbani baba alinitambua kwa hatua. Alinishika uso kwa mikono miwili, akauliza habari za wajukuu, akauliza kama huko Tanga mvua imenyesha. Habari za Omar hakuzigusa. Omar mwenyewe alirudi jioni kutoka kazini, yeye ni fundi mwashi, pamoja na msaidizi wake Mrisho. Babu yake Mrisho alivuka kutoka bara kuja kuchuma karafuu akabaki, na wajukuu wake mpaka leo wamejenga kwenye ardhi za watu. Mrisho naye husali na kundi la Omar. Niliwaambia habari ya barua nikitarajia shukrani. Omar alinawa mikono muda mrefu. Mkewe, Mwanakombo, ndiye aliyesema.

"Bwana Diploma, umefika hata maji hujanywa, keshaandikiwa sheha?"

Siku ya ishirini na nane, baada ya adhuhuri, Bi Zuhura alikuja. Alikaa barazani na baba, mimi na Omar, akaniambia maneno ambayo nayaandika kama yalivyo.

"Saidi, mwanangu, mie nilikuwa nimesikia tu kwamba hawa watasali upenuni kwa Omar. Jambo la kusikia silijibu. Na asubuhi hiyo nilikuwa na safari yangu ya Konde. Sasa weye umeniletea karatasi, na nakala imekwenda kwa wakubwa watatu. Karatasi lazima nijibu. Na jibu ni kwamba wasikusanyike popote pa umma, wala pasipo pa umma wasiite watu kwa Idi, mpaka majibu yashuke kutoka juu."

Nilimuuliza majibu yatashuka lini. Akasema hajawahi kuyaona yakishuka kwa siku mbili.

Alipoondoka Omar alinigeukia. Alisema walikuwa wameshaelewana na Bi Zuhura tangu mwezi uliopita, bila kuelewana kwa mdomo, na mimi nimekuja na muhuri nikawafungia mlango. Nilimjibu kwamba haki ya mtu haiwezi kutegemea safari ya sheha ya kwenda Konde, kwani mwakani sheha mwengine atakuwa na safari ya kurudi. Nililisema na bado ninalisimamia. Lakini nilikiri moyoni kwamba nimeandika barua ya watu kabla ya kuwauliza, na darasani kwangu hilo ni kosa la wiki ya kwanza. Omar alisema siku ya Idi yao, kama si kusali, basi atakwenda Mkoani kutafuta boti. Baba alikuwa hapo hapo. Tasbihi yake ilisimama mkononi, kisha ikaendelea.

Siku ya ishirini na tisa ilikuwa siku ya mwezi. Omar na wenzake walikuwa wametimiza thelathini, kwa hiyo kwao kesho ni Idi liwalo na liwe. Kwa upande wa baba, mwezi ukionekana kwetu jioni ile, kesho ingekuwa Idi ya wote, barua yangu isingekuwa na kazi, na Omar asingekuwa na safari. Sijawahi kuona kijiji kizima kikiutaka mwezi namna ile, hata wale waliowatawanya watu mwaka jana.

Jua lilipotua tulikuwa kwenye kiwanja cha baba, palipo juu kidogo kuliko kijiji kizima. Ni ardhi ya mawe, haistawi muhogo, na kwa miaka mingi watu wa baba wamekuwa wakisali Idi hapo. Magharibi palikuwa na wingu jembamba limelala juu ya bahari. Wazee walikuja na miwani yao. Watu waliangalia, wakanyoosha vidole, wakavirudisha. Baba, asiyeweza kuona kitu, alisimama katikati kashika fimbo, akiuliza mmoja mmoja kwa jina. Kila aliyeulizwa alisema hajauona.

Kisha akamwita Omar. Kila mtu anajua macho ya Omar. Ndiye tangu udogo aliyekuwa akiuona mwezi kabla ya watu wazima. Akisema ameuona, na Mrisho aliye pembeni yake aseme hivyo hivyo, mashahidi wawili wanatosha, na kesho tunasali sote. Nilimtazama Mrisho, naye alikuwa akimtazama Omar.

"Omar, umeuona?"

Omar aliangalia tena lile wingu.

"Sijauona, baba."

Baba akasema basi, kwetu kesho ni funga. Tukasali magharibi pale pale, sote safu moja, kwa sababu magharibi haina hesabu mbili. Baada ya salamu baba aliuliza kwa sauti kama Bi Zuhura yupo. Alikuwepo, nyuma, pamoja na wanawake.

"Sheha, barua ya huyu mwanangu imetaja uwanja gani?"

"Wa skuli, Mzee Khamis."

"Hapa haikupataja?"

"Haikupataja."

"Kesho asubuhi mwanangu Omar anakuja hapa kwangu na rafiki zake. Mie ndiye niliyewaita. Mtoto kwenda kwa babake kunataka barua?"

Bi Zuhura alisema tangu awe sheha hajawahi kuletewa barua ya namna hiyo. Watu wengine walicheka, wengine wakaondoka bila kuaga.

Asubuhi ya Omar, ambayo kwangu na kwa baba ilikuwa siku ya thelathini ya mfungo, walikuja watu ishirini na kitu, wanaume mbele na wanawake nyuma, watoto na nguo mpya. Mimi nilikaa na baba ukingoni, kwenye mawe, na kinywa kikavu. Takbira zilipoanza, jirani mmoja wa upande wetu alikuja akasimama juu yetu.

"Mzee Khamis, yakhe, kumbe leo una Idi?"

"Mie nimefunga," baba akamjibu. "Hawa wageni wangu. Mgeni akila kwangu nami nimefunga, funga yangu imeharibika wapi?"

Yule jirani alisimama mpaka khutba ikaanza, kisha akaenda zake. Hakuna aliyewatawanya. Walisali rakaa zao mbili, wakakumbatiana, wakaja mmoja mmoja kumpa baba mkono. Yeye aliwapokea wote kwa neno lile lile, Mungu akutakabalieni. Omar alipofika hakumpa mkono, alipiga magoti akaweka kichwa mapajani mwa mzee, na baba akakiacha hapo. Niliangalia upande wa bahari.

Mchana ulikuwa mrefu, kwa sababu pilau ya Mwanakombo ilinukia ua mzima. Alinipitia mara mbili akiniambia nivumilie, si nimejitakia mwenyewe kufunga na wazee. Jua lilipotua alileta sinia mbili chini ya kawa, akasema chakula cha Idi yake hakijaliwa na kwisha mpaka baba afuturu nacho. Tulifuturu wote pamoja, wao wakila mara ya pili.

Baada ya chakula Mrisho alinivuta kando. Alisema hataki kuharibu furaha ya mtu, lakini ana swali, na mimi ndiye mwenye kusoma.

"Kaka yangu Omar kasali kwa babake. Mie nimesali kwa baba wa mwenzangu. Mzee akiondoka, mie na wanangu tutakwenda kusali kwa nani?"

 Nilimwambia nitalifikiri, neno ambalo si mara nyingi hunitoka. Nilipogeuka nikaona baba ameinua uso kwetu. Macho yamekwisha lakini masikio yake hayajapungua.

Siku iliyofuata ilikuwa Idi yetu. Kiwanja kilijaa. Omar na Mrisho, ambao wao walikwisha kusali, walikuja wakakaa pale ukingoni. Khutba ilipomalizika baba aliomba watu wasitawanyike. Akaniita mbele, akaniambia nichukue kalamu, maana kusoma kwangu sasa kumepata kazi. Alisema kiwanja hiki, kutoka mnazi ule mpaka ukuta wa mawe, amekitoa wakfu kwa ajili ya sala ya Idi. Hakitauzwa, hakitarithiwa, mimi na Omar tumesikia na tumeridhia. Tuliitikia kwamba tumeridhia.

Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri. Nilipofika kwenye matumizi nikamuuliza, kama nilivyofundishwa kwamba hati isiache mwanya, niandike ni Idi ya siku gani, ya mwezi wa kwetu au wa popote.

"Usiandike siku," baba akasema. "Andika Idi. Atakayekuja kusali Idi, asali."

Nikaandika hivyo hivyo. Baba alitia dole gumba. Bi Zuhura akatia saini, na wazee wanne. Yule jirani wa jana aliombwa awe shahidi wa sita. Alisema mkono wake unauma, akaondoka, na hakuna aliyemfuata.

Siku ya kurudi Omar alinisindikiza mpaka Mkoani. Njiani hakutaja kuhama wala kutohama. Aliniagiza tu nimpelekee kutoka dukani kwangu misumari ya mabati, kwa sababu baraza ya baba inavuja na masika yanakaribia. Nilimwambia nitampelekea iliyo bora, na duka langu halina nyingine.

Nimejifunza mawili. La kwanza, mtetezi wa haki aanze kwa kuwauliza wenye haki, hata awe na elimu ya kiasi gani. La pili ni swali la Mrisho, ambalo kijijini kwetu limepata jibu, lakini mbele ya kijiji chetu kuna kijiji, na mbele ya hicho kipo kingine. Mtu asihitaji kuwa na baba mwenye kiwanja ndipo asujudu kwa amani.