Mtama wa Upande wa Ndama

Kosa langu kubwa la kwanza nililifanya nikiwa darasa la tano: nilisema ukweli mbele ya karatasi ya serikali. Nalitaja mapema kwa sababu nikilichelewesha nitaanza kulipamba.

Nyumba ya bibi mzaa baba, huku kijijini Hirbadaw, ilinuka moshi, maziwa yaliyoganda na samadi, kwani ndama walilala ndani pamoja nasi. Upande wao, chini ya majivu, bibi alikuwa amefukia mtungi wa mtama. Kila baada ya mavuno aliujaza upya, akaufunika kwa jiwe bapa, kisha akafagia pasibaki alama. Ilikuwa mbegu. Hakuna aliyeigusa, hata mwaka ule mahindi yalipokauka yakiwa yamefika magotini na tukawa tunakunywa uji mara moja kwa siku.

Mwenyekiti wa kitongoji alikuja mchana kuandikisha kaya za kupewa mahindi ya msaada. Nilimwamkia shikamoo, kisha nikasimama nyuma ya bega lake kukagua mwandiko wake. Alipofika kwenye swali la akiba ya nafaka, bibi alijibu, "Hatuna kitu, mwanangu."

"Bibi, umesahau," nikasema. "Kuna ule mtungi wa upande wa ndama."

Mwenyekiti aliacha kuandika, akacheka. "Mama, huyu mjukuu mpeleke akawe polisi. Atakufunga wewe wa kwanza."

Bibi hakucheka. Jina letu likakatwa kwa mstari mmoja, na mimi, Mungu anisamehe, niliona fahari kwamba fomu imejazwa sawasawa.

Hakunipiga. Alasiri alikuwa akipepeta pumba tulizobakiwa nazo, akaniuliza, "Shuleni wanasema njaa inaletwa na nini?"

"Ukame, bibi."

"Mwaka wa mama yangu mvua ilinyesha."

Mama yake alikuwa msichana wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza. Askari walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta chakula cha jeshi. Walimkuta na wadogo zake tu, wakamuuliza kwa upole, naye akawaonyesha. Walibeba yote, na mbegu pia. Wakawaswaga ng'ombe, wakawachukua wanaume kuwabebea mizigo. Mvua ilipokuja ilikuta mashamba hayana mbegu wala watu wa kulima. Wadogo zake wawili walikufa huku nje nyasi zikiwa mbichi kabisa.

"Tangu hapo nyumba hii haimwonyeshi mtu mwenye karatasi ya serikali akiba yake," bibi akasema. "Na wewe ungejuaje? Sikukuambia."

Aliniondolea lawama, na hilo liliniuma kuliko fimbo. Majirani walibeba mahindi yao; sisi tulifukua mtungi tukala mbegu. Mvua iliporudi, bibi alivaa kitenge chake cha kanisani akaenda kwa jirani kuomba mtama wa kupanda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Karibu, mwenye hazina," jirani akamtania, watoto wake wakaangua kicheko. Bibi alipokea kwa mikono miwili akitazama chini. Mimi nilishika mfuko.

Shule niliishia kidato cha nne. Mengine nimejifundisha kwa vitabu vya mitumba vya mnadani Katesh. Vingi nilivyosoma vikitaja njaa huanza na mvua, na kwa miaka mingi nilivinakili hivyo hivyo kwenye daftari langu, nikiogopa kukosea. Bibi alifariki kabla sijamwomba radhi. Kila nilipotaka kusema niliyapanga maneno upya, nikitafuta yaliyo sahihi, mpaka nikachelewa. Siku hizi mbegu tunanunua duka la pembejeo, serikali ni yetu wenyewe, na hakuna askari anayepekua nyumba. Kwangu mimi kimebadilika kimoja: mtu mzima akimjibu mgeni mbele yangu, nanyamaza mpaka mgeni aondoke, ndipo namuuliza kwa nini amejibu vile.