Barua ya Suria

Mhandisi mmoja wa Kichina aliyekuwa akirudi kwao alinionyesha kisanduku kando ya pipa la karatasi, akanifanyia ishara kwamba nichukue nikitaka. Nilikuwa msafishaji wa ofisi pale Kista, kitongoji cha mjini kwetu huku Ulaya, na wahandisi kwa kawaida waliniachia vikombe vyenye kahawa iliyogandia chini. Huyu aliniachia diski za tamthilia nzima: mfalme mmoja, wake na masuria wasiohesabika, hariri tupu, na nywele zilizobebeshwa vito hadi shingo zikaonekana kuchoka. Watu walisema Kichina, na chini ya picha yalipita maandishi ya Kiingereza.

Nikazipeleka Akalla, kitongoji cha jirani, kwa Mama Mkubwa. Sote tulimwita hivyo ingawa hakuwa ndugu wa yeyote kati yetu. Alikuwa mjane wa Kirundi, mkali, mwenye televisheni kubwa kuliko zetu na zamu ya chumba cha kufulia kila Jumamosi mchana. Sisi wa Husby tulibeba nguo zetu kwenye mifuko ya dukani tukaenda kufua kwa zamu yake, jambo ambalo kanuni za jengo zilikataza, naye alitukumbusha hivyo kila wiki ili tusisahau wema wake. Tulikuwa wanne: yeye, Mkongomani aliyekuwa akitunza wazee, mimi, na Bibi Harusi. Nguo zikizunguka kule chini, sisi huku juu tulitazama. Sehemu moja ya tamthilia ilikwisha karibu sawa na mashine.

Kiingereza nilikuwa nacho mimi peke yangu. Mama Mkubwa alikuwa na Kirundi na Kiswahili, Mkongomani na Kifaransa chake, na Bibi Harusi na Kiswahili cha kambini. Kwa hiyo mimi ndiye niliyetafsiri, na niseme bila unyenyekevu wa uongo, nilitafsiri vizuri. Nilikulia Morogoro, na kaka yangu alikuwa na kibanda umiza, kile chumba cha mabati cha kuonyeshea video, ambako alisimama kando ya televisheni akieleza filamu za Kihindi na za karate kwa sauti yake mwenyewe. Kihindi hakukijua, Kichina ndiyo kabisa. Alichokijua ni watu waliokaa kwenye mabenchi. Jirani akimpiga mkewe Jumatatu, basi Jumanne jambazi wa kwenye filamu alikuwa na tabia zake, kikohozi chake, hata salamu zake. Watu walicheka mpaka wakashikana. Jirani naye alicheka, halafu akaacha kucheka. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na niliona hakuna kazi tamu kuliko hiyo.

Sasa Bibi Harusi. Tulimwita hivyo miaka mingi baada ya harusi, na mimi ndiye niliyelianzisha jina hilo, wala si kwa mapenzi. Mumewe alikuwa dereva wa basi na mwimbaji wa besi kanisani kwetu. Kabla hajawa mume wa mtu, alikula kwangu kila Jumapili kwa miaka miwili. Nilimpikia pilau, nikampigia pasi shati la kwaya. Hakuniambia kwamba atanioa, nami sikumwuliza, nikidhani pilau inauliza kwa niaba yangu. Mwaka wa tatu akachukua likizo, akaenda Kigoma kwenye kambi ya wakimbizi, akarudi na picha za harusi. Mke mwenyewe alifuata baadaye. Jumapili ile alipomtambulisha alishika kipaza sauti, akamshukuru Mungu kwa kumpa msichana ambaye hajaguswa. Nilikuwa na miaka thelathini na minane. Nilipiga makofi pamoja na wengine.

Alikuwa mpole, mrefu, mwenye miguu mikubwa, anayecheka huku kaziba mdomo. Hakuwa na mtu mjini, kwa hiyo alinishika mimi. Aliniita dada na kunibebea mfuko wa nguo. Angenichukia, labda ningempenda kidogo. Kunipenda kwake ndiko kulikonikera, maana kulininyima hata haki ya kumkasirikia.

Alipopata mimba aliniomba nimsindikize kwa mkunga pale Kista, kwa sababu Kiswidi chake kilikuwa bado cha salamu. Mkunga, mama mzuri mwenye miwani shingoni, aliuliza hii ni mimba ya ngapi. Nikatafsiri. Bibi Harusi akainua vidole viwili.

Tulipanda treni kurudi Husby. Ni kituo kimoja tu, kwa hiyo tulishuka, tukakaa kwenye benchi la stesheni, akanieleza yote. Alikuwa na mtoto wa kiume, miaka tisa, anayelelewa na bibi yake kambini. Mama mtu ndiye aliyemwonya anyamaze, kwamba mchumba wa Ulaya haji mara mbili. Sasa alikuwa amesikia shuleni, kule wanakojifunza Kiswidi, kwamba mtoto aliye chini ya miaka kumi na minane anaweza kuombewa amfuate mama yake. Lakini kumwomba kulitaka fomu, na fomu ilitaka mume ajue. Aliniuliza mume akijua atafanyaje. Nikasema sijui, na hilo lilikuwa kweli. Akaniomba niitunze siri yake. Nikamwambia imekwishaingia kaburini.

Ilikaa kaburini siku nne.

Jumamosi hiyo tulifika mahali ambapo suria mdogo, aliyependwa na mfalme kuliko wote, analetewa barua kutoka kwao. Anaifungua, anaisoma, analia. Maandishi yalisema hivi, nayakumbuka neno kwa neno: Mama yako anakohoa. Tuma dawa. Hayo tu. Nami nikafungua mdomo, nikajisikia nikisema kwa sauti nyororo ya kaka yangu: "Mwanao anauliza utarudi lini."

Mama Mkubwa akaacha kumenya karanga. Mtoto? Suria ana mtoto? Nikaeleza kwamba ndiyo, alizaa kwao kabla ya kuletwa ikulu, akamficha mfalme jambo hilo. Mkongomani akapiga mapaja. "Mais, lakini huyu mwanamke ni mwongo kabisa," akasema. Mama Mkubwa akasema kikulacho ki nguoni mwako, na mwanamke anayelala na mume huku ana siri ya namna hiyo ni chawa wa kutolewa na kupasuliwa kwa kucha. Bibi Harusi alikuwa amekaa chini, anakunja mashati ya mumewe yaliyotoka mashine ya kwanza. Alikunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena.

Tukiwa kwenye lifti alinishika mkono. "Dada, ni kweli wameandika vile?"

Nikamwambia ndivyo. Nikamwapia. Sijui kwa nini alinisadiki, yeye aliyeniambia siri ile wiki hiyo hiyo. Mtu mwingine angejua papo hapo. Lakini alikuwa mtu wa maombi, na watu wa maombi huona mkono wa Mungu mahali ambapo wengine huona mkono wa mwanamke mwenye wivu. Alidhani anasemeshwa. Mimi nikaona hilo usoni mwake, na badala ya kuingiwa na aibu, nilifurahi. Nalisema kama lilivyokuwa. Nilipanda ngazi za nyumbani kwangu nikiimba.

Kuanzia hapo nilikuwa na tamthilia mbili, moja ya kwao na moja ya kwangu. Ilibidi nifikiri haraka, kwa sababu waigizaji hawakunisubiri. Suria akipiga kinanda, nilisema anapiga wimbo aliokuwa akimbembelezea mtoto. Malkia akimtazama kwa jicho la pembeni, nilisema ameanza kunusa. Wenzangu hawakuwahi kufurahia kitu namna ile. Mama Mkubwa alifikia kuwasimulia watu habari za suria baada ya ibada. Kila wiki walimhukumu upya, na kila wiki hukumu ilikuwa nzito zaidi, huku mshitakiwa amekaa miguuni pao, tumbo linakua, anakunja nguo. Yeye aliuliza swali moja tu, kila Jumamosi, kwa sauti ya chini: "Ule mtoto anakula kwa nani?"

Nikajibu kwamba hawajasema.

Siku moja tulishuka wawili chumba cha kufulia kutoa shuka. Mashine zilikuwa zinamalizia kuzunguka, kelele tupu, naye akanisogelea sikioni. Aliniambia ameshachukua fomu, ameificha ndani ya Biblia. Alitaka kumwambia mumewe kabla hajajifungua. "Ila nangoja kwanza," akasema. "Nataka nione ule suria atamwambia mfalme namna gani."

Nilikuwa nimeshika pembe mbili za shuka na yeye mbili. Tulivuta, tukakunja, tukakutana katikati, kama wanawake wanavyofanya popote duniani. Nilikuwa na wiki nzima ya kufikiri. Ningeweza kumfanya mfalme alie, amkumbatie, atume farasi wakamlete mtoto. Ningeweza kwa sentensi mbili. Mama Mkubwa angenung'unika, halafu angezoea, maana watu wa aina yake husamehe chochote alichokwisha kukisamehe mfalme. Nililijua hilo vizuri.

Jumapili iliyokuwa katikati nilimwona dereva wa basi kanisani amemwekea mkewe mto mdogo mgongoni. Mto wa maua, ameubeba kutoka nyumbani, mwanamume mzima, ndani ya treni. Miaka miwili alikaa kwenye viti vyangu vya mbao na hakuwahi kuuliza kama mgongo wangu unauma.

Jumamosi ilipofika, ilitokea kwamba katika sehemu ile suria anapiga magoti mbele ya mfalme na kusema kwa muda mrefu. Kwa mujibu wa maandishi alikuwa akikana kumtilia mwenzake sumu. Mimi nikasema anamweleza habari za mtoto. Nilimpa maneno mazuri, nisimdhulumu, hata Mkongomani akatoa leso. Mfalme akageuza uso. Walinzi wakaingia, wakamburuta kwa mikono huku vito vikimwanguka sakafuni, na baadaye matowashi wakamletea kitambaa cheupe kilichokunjwa juu ya sinia, cha kujinyongea. Hicho sikukibuni. Kilikuwamo.

"Haki yake," akasema Mama Mkubwa. Mkongomani akajifuta macho, akakubali kwamba ndiyo, haki yake.

Bibi Harusi hakuuliza mtoto anakula kwa nani. Alimaliza mashati, akayapanga mfukoni, akaomba ruhusa kwamba mgongo unamsumbua. Mwezi uliofuata akajifungua mtoto wa kike. Kanisani tulimpokea kwa vigelegele, mzaliwa wa kwanza wa nyumba ile, na mimi ndiye niliyepewa kumbeba mbele. Habari za fomu hazikutajwa tena kati yetu. Nilidhani zimekwisha.

Miaka ikapita, mingi. Mama Mkubwa alihamia kwa binti yake Malmö, akagawa vitu vyake, na kisanduku cha diski kikamwangukia Bibi Harusi. Sikulijali hilo. Sikujua kwamba alikuwa amejiunga na shule ya watu wazima ili awe muuguzi msaidizi, na kwamba shuleni humo walimfundisha pia Kiingereza.

Kiangazi kimoja akanialika kwake, saa nane mchana. Mumewe alikuwa kazini. Alinikaribisha kwa adabu zote, akanitilia chai na sukari vijiko vitatu, kama ninavyopenda. Binti yao, wa miaka minane wakati huo, alikuwa mezani anachora. Mama yake akamwambia kwa Kiswahili aende kucheza nje. Akajibu kwa Kiswidi kwamba anataka kutazama na shangazi. Akaachwa akae.

Bibi Harusi akawasha televisheni. Suria yule yule, vito vile vile. Barua ikaletwa, ikafunguliwa, naye akaisimamisha picha pale pale, machozi ya mwanamke yamegandia shavuni. Akasoma taratibu, kwanza kwa Kiingereza cha mwanafunzi, kisha kwa Kiswahili, kidole kikifuata maneno kwenye kioo.

"Mama yako anakohoa. Tuma dawa."

Chai ilikuwa mkononi, sikujua pa kuiweka.

"Nimeitazama yote," akasema. "Mara mbili. Mtoto hayumo, dada. Hata mwisho hayumo."

Hakuwa na hasira sautini. Ningeshukuru kwa hasira. Nilijaribu kusema kwamba zamani nilikuwa mjinga, nilikuwa na uchungu, na nyote mlifurahi. Hilo la mwisho lilinitoka kabla sijalizuia. Aliniacha niishiwe. Kisha akasema kwamba mwanawe wa kambini alitimiza miaka kumi na minane mwezi wa nne. Fomu bado iko ndani ya Biblia, na sasa ni karatasi tu ya kuwekea alama.

Binti akainua kichwa. Kiswahili alikielewa chote, hakukisema tu. "Vem då?" akauliza. Nani huyo?

Alimwuliza mama yake, lakini mama yake alinitazama mimi.

"Mjibu," akasema. "Wewe ndiye mkalimani."

Nilimtazama yule mtoto. Ana paji la uso la baba yake, mwimbaji wa besi, ambaye mpaka leo hajui kitu. Nikaweka kikombe juu ya meza, nikamwambia kwa Kiswidi safi kwamba hakuna mtu, ni wa kwenye filamu tu. Akarudi kwenye mchoro wake. Mama yake akaitikia kwa kichwa, akaniongezea chai.